Mbele ya Kumwaga Maji, Tazama Pumzi

Juma lililopita niliwaahidi kwamba tutaendelea na habari ya watoto wanaorudia mwaka. Hiyo itangoja. Siku ya posho kuna jambo lililotupata kwenye likelemba yetu, na tangu siku ile mama watatu wamenipigia simu wakisema: mwalimu, hiyo andika.

Tulikuwa kwenye uwanja wa nyumba, wanawake kama ishirini, tunahesabu franga. Mama mmoja, muuza makala, ambaye wengi wenu mnamjua lakini jina lake silitaji, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Akasema kichwa kinamzunguka. Hatukumjibu bado, akateleza kutoka kwenye kiti akaanguka chali. Macho nusu wazi. Ukimwita, kimya.

Sasa sikilizeni tulivyofanya ndani ya dakika moja. Mmoja alimmwagia maji usoni. Mwingine alikimbia jikoni, akarudi na kitunguu kilichopondwa, akakisukuma kwenye pua. Wawili walimshika mabega wakitaka kumkalisha. Mama mzee mmoja, mtu mwema kabisa, alikuja na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, tayari kumfungua kinywa. Wengine walianza kuomba kwa sauti, na nyuma kabisa nilisikia neno "walozi". Huyo mama mwenyewe alikuwa anakoroma. Jirani yangu akafurahi: "Musiogope, analala tu, muko munasikia anakoroma!"

Lakini kukoroma kule hakukuwa usingizi. Mtu aliyezimia akilala chali, ulimi wake unalegea unarudi nyuma, unaziba njia ya pumzi kama kitambaa kwenye mdomo wa bidoni. Hewa inapita kwa shida, na sauti ya ile shida ndiyo tuliyoiita usingizi. Tulimwondolea kitunguu, tukamzuia mama mzee na chai yake, tukamlaza muuza makala kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa nyuma kidogo. Sauti ikaisha palepale. Pumzi ikawa inaingia na kutoka polepole bila kelele. Hiyo tu. Kituo cha afya kilifanya mengine: ana ugonjwa wa sukari, asubuhi alimeza dawa lakini hakula, sukari ikashuka sana. Leo yuko na makala yake kama kawaida.

Msidhani ninajisifu. Mimi mwenyewe, miaka sita iliyopita, nilifanya vibaya kuliko wote. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne alianguka na kifafa katikati ya somo la hesabu. Niliagiza kijiko, nikakisukuma kati ya meno yake kwa nguvu, kwa sababu ndivyo nilivyoona wakubwa wakifanya nilipokuwa mtoto. Jino la mbele likavunjika. Mtoto aliamka na damu mdomoni, na mama yake alipokuja alinishukuru kwamba nimemwokoa mwanawe. Nilipokea zile shukrani nikanyamaza. Mpaka leo, nikikutana na yule kijana sokoni akanichekea, jino lile linaniambia kitu. Baada ya hapo nilikwenda kwenye mafunzo ya siku tatu na watu wa Msalaba Mwekundu, na baadaye nikarudia tena na muganga wa kituo chetu. Ninayoandika yametoka huko. Diploma yangu ni ya ualimu, si ya uganga.

Basi, kitu kimoja ninachotaka mkishike leo ni hiki: mtu akizimia, swali la kwanza si "amepatwa na nini?" wala "nani amemfanyia?" Swali la kwanza ni "anapumua sawasawa au hapana?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mikono yako ifanye nini. Ubongo usipopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache, kama nne au tano. Kutoka kartie yetu mpaka kituo cha afya, hata motari awe mwenye haraka gani, ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo zile dakika za kwanza ni za yule aliye karibu: jirani, dada, au mtoto wa miaka kumi na mbili aliyebaki nyumbani.

Mbele ya kumkaribia, tazama pale alipo. Sisi wa Goma tunayajua mazuku. Ile hewa mbaya inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, inajilaza kwenye mashimo na mabonde madogo kama maji, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi na watoto ndio wanaoanguka kwanza, kwa sababu wako karibu na chini. Ukimwona mtu amelala kwenye shimo la namna hiyo, usishuke kumwinua. Ukiinama tu, pumzi chache na wewe umelala kando yake. Ita watu, mvute kwa kamba au kwa mti mrefu mkiwa juu. Vilevile na umeme: nyaya za kartie zetu mnazijua zilivyofungwa. Aliyenaswa na waya usimguse mpaka mtu akate umeme, na kama haiwezekani, sukuma waya kwa mti mkavu huku umesimama juu ya kitu kikavu. Na yule aliyelala na babula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa, mvute nje kwanza, acha mlango wazi, mengine mtayafanya uani. Moshi wa makala unaoua hauonekani na haunuki, msitegemee pua.

Pale palipo salama, piga magoti karibu naye. Gonga mabega yote mawili, mwite kwa sauti kubwa: "Mama, unanisikia? Fungua macho!" Mtoto mchanga mguse kwenye nyayo. Usimpige makofi, usimtikise kichwa. Akijibu, hata kwa kuguna, mwache kwa namna anayopata nafuu, na umchunge. Asipojibu, ita watu, lakini uite kwa majina. Ukisema "mtu apige simu," wote ishirini watatazamana. Sema: "Wewe Mama fulani, pigia muganga. Wewe kijana, tafuta gari. Wewe, ondoa watoto hapa." Kelele ikigeuka kuwa kazi, hata wale wanaolia watapata cha kufanya. Simu iwekwe kwa sauti kubwa chini kando yako, muganga akuongoze huku mikono yako iko huru.

Sasa pumzi. Mlaze chali kwenye ardhi. Mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono mwingine chini ya mfupa wa kidevu. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma. Hapo ulimi unaondoka kwenye njia. Weka shavu lako karibu na mdomo wake, macho yako yatazame kifua chake. Je, kifua kinapanda? Je, unasikia hewa? Je, unaihisi kwenye shavu? Usipite sekunde kumi. Hesabu kwa sauti kama mnavyohesabu franga za likelemba.

Hapa kuna mtego unaodanganya hata watu waliosoma. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kuvuta hewa mara moja moja kwa dakika ya kwanza au mbili, kwa sauti kubwa, mdomo unafunguka kama samaki aliyetolewa ziwani. Watu wanasema, "Anapumua, Mungu asifiwe," na wanakaa kungoja. Hiyo si pumzi. Kifua cha mtu anayepumua kinapanda na kushuka kwa utaratibu. Ukiwa na mashaka, mhesabu kuwa hapumui.

Kama anapumua sawasawa lakini haamki, mlaze ubavu. Tunaanza hivi: mkono wake ulio upande wako uunyooshe pembeni. Mkono wa mbali ulete juu ya kifua, mgongo wa kiganja ukae kwenye shavu lake la upande wako, uushikilie hapo. Kwa mkono wako mwingine inua goti lake la mbali, kisha livute kuja kwako. Atageuka mzima kama mlango. Hata mama mwembamba anageuza mwanaume mnene. Rudisha kichwa chake nyuma kidogo, mdomo utazame chini ili matapiko na mate yatoke nje, yasirudi kifuani. Mama mwenye mimba kubwa mlaze upande wa kushoto, kwa sababu mimba ikilalia mshipa mkubwa wa nyuma, damu inarudi kwa shida kwenye moyo. Halafu usiondoke. Mfunike na kitenge, tazama pumzi kila dakika. Ikikoma, unamrudisha chali na kuanza ile kazi nyingine.

Aliyeanguka kutoka juu ya paa au aliyegongwa na gari, tunaogopa shingo yake, na ni haki. Asisogezwe ovyo, na akigeuzwa, mmoja ashike kichwa kiende pamoja na mwili. Lakini kama anakoroma kwa shida au anatapika, njia ya hewa inatangulia.

Kama hapumui, basi ni kusukuma kifua. Piga magoti karibu na kifua chake. Kisigino cha mkono mmoja kiweke katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kati, nusu yake ya chini. Mkono wa pili juu yake, vidole vifungwe. Viwiko vinyooke, mabega yako yawe juu ya mikono yako, usukume kwa uzito wa mwili, si kwa nguvu za mikono. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimeta tano, kisipite sita. Kila ukisukuma, kiache kirudi juu kabisa, maana wakati wa kurudi ndipo moyo unajaa damu tena. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kwa sekunde moja. Ni haraka kuliko kutwanga sombe. Wengi wetu tukianza tunatwanga polepole kama tuna siku nzima.

Iwe kwenye ardhi ngumu. Godoro linakula nguvu zote, kifua hakishuki. Huku kwetu kwenye mawe ya volkano ugumu hatukosi. Kunja kitenge chini ya magoti yako, utanishukuru. Mkiwa wawili, badilishaneni kila dakika mbili, kwa sababu mikono inachoka kabla mwenyewe hajakubali kwamba amechoka. Mmewaona wanawake wawili wakipokezana mchi bila kinu kunyamaza? Fanyeni vile.

Aliyefundishwa kupuliza, baada ya kusukuma mara 30 apulize mara 2: kichwa nyuma, kidevu juu, bana pua, funika mdomo wake na wako, puliza sekunde moja mpaka kifua kinapanda. Kisha rudi kusukuma bila kupoteza wakati. Asiyefundishwa, au anayeogopa mdomo wa mtu asiyemjua, asukume tu bila kuacha. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafula mbele yako hiyo ni msaada wa kweli.

Kwa mtoto ni tofauti, na hapa nawaomba wamama msome polepole. Mtu mzima anayeanguka ghafula, mara nyingi ni moyo uliosimama kwanza wakati damu yake bado ina hewa. Mtoto, mara nyingi, ni hewa iliyokosekana kwanza: amezama ziwani, amekabwa na karanga, amelala na babula, nimonia imemlemea. Moyo wake ulikuwa mzima, umechoka kwa kukosa hewa. Kwa hiyo anza na hewa: puliza mara 5, ndipo usukume mara 30, upulize 2, na kuendelea. Aliyezama, hata mtu mzima, vilevile anaanza na pumzi 5. Mtoto mkubwa kidogo unasukuma kwa mkono mmoja, kifua kishuke theluthi ya unene wake. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka, kichwa kisirudi nyuma sana, kikae sawa tu. Mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja, upulize hewa ya mashavu tu. Na kifua usukume kwa vidole gumba viwili, mikono ikizunguka mbavu zake. Ukiwa peke yako na mtoto, fanya kwanza dakika moja nzima ndipo utafute simu.

Aliyekabwa, tazama mdomoni: ukiona kitu, kitoe. Usipokiona, usichimbe kwa kidole, utakisukuma ndani zaidi. Na mtoto aliyezama hashikwi miguu na kuzungushwa kichwa chini ili maji yatoke. Nimeona hayo kwenye ufuko wa Kivu, wanaume wanne wakimzungusha mtoto kama mfuko, kwa nia njema kabisa, na dakika zinakwenda. Anachokosa ni hewa, mpulizie.

Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo: na kama ni mwanaume, nitamgusa kifua mbele ya watu? Na kama ni mwanamke, tutamfungua nguo barabarani? Shika mikono kati ya maziwa, juu ya mfupa. Nguo nyepesi haizuii kitu. Wengine wazungushe kitenge, wageuze migongo. Nimejua wanawake wanasukumwa kidogo au hawasukumwi kabisa kwa sababu ya aibu hiyo, na aibu haijawahi kurudisha mtu. Mbavu zinaweza kulia chini ya mikono yako. Endelea, mbavu hupona.

Kuhusu kugusa wagonjwa, tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020 hapa Kivu Kaskazini tumejifunza kuogopa, na tuliogopa kwa sababu. Wakati ugonjwa wa namna hiyo umetangazwa, na mtu alikuwa na homa, kutapika au kutoka damu, usimguse kwa mikono mitupu. Ita watu wa afya. Siku nyingine, usitumie Ebola kama kisingizio.

Sasa kifafa, kwa ajili ya yule kijana wangu. Anapotetemeka usimshike kwa nguvu, usiweke kitu mdomoni, si kijiko, si kidole, si mti. Ondoa mawe karibu, weka nguo laini chini ya kichwa, tazama saa. Kutetemeka kukiisha, tazama pumzi, mlaze ubavu, ngoja naye mpaka akili irudi. Ikipita dakika tano, au akianza tena bila kuamka, apelekwe hospitali haraka. Ile povu haiambukizi kifafa. Nairudia kwa sababu nimeona mtoto akiachwa peke yake ardhini, darasa zima limesimama ukutani kwa kuogopa mate yake.

Na ile chai ya mama mzee? Hakuwa mbali na ukweli. Mgonjwa wa sukari anayetetemeka na kutoka jasho lakini bado anaongea, mpe chai ya sukari au fanta upesi, inaweza kumwokoa. Aliyezimia, hapana: si chai, si maziwa, si mafuta ya ngazi, si hata tone la maji. Hawezi kumeza, kitakwenda kwenye mapafu. Kitunguu na maji ya usoni havifungui njia ya hewa, vinatuibia dakika.

Sasa motari. Picha hii mnaijua: mgonjwa amewekwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma, kichwa kimening'inia kifuani kama cha kifaranga. Kidevu kikishuka namna ile njia ya hewa imefungwa. Kama hapumui, usimpakie. Sukuma palepale alipo, motari aende kumleta muganga. Kama anapumua, tafuteni gari alale ubavu kwenye kiti cha nyuma, au tipoyi, hata chukudu yenye godoro. Pikipiki ikiwa ndiyo pekee iliyopo, yule wa nyuma kazi yake ni moja: kuegemeza kichwa cha mgonjwa begani mwake na kuinua kidevu njia nzima. Kuanzia leo, kila kikundi kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa buku la likelemba nambari ya muganga wa kituo chenu na ya jirani mmoja mwenye gari.

Nitasema pia jambo gumu. Mashine za kushtua moyo kwa umeme ni chache sana kwetu. Mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, mara nyingi harudi, hata ukisukuma vizuri kama muganga. Unasukuma mpaka anapumua, au muganga anakupokea, au nguvu zimekuishia. Baada ya hapo usijihukumu. Lakini wale waliokosa hewa, mtoto wa ziwani, mama wa makala, aliyelala chali na ulimi umemziba, wengi wao wanarudi kwa mikono mitupu. Kama mnaniuliza wamama tuanzie wapi, naona ni hapo, kwenye kufungua njia ya hewa, kulaza ubavu na kumpulizia mtoto.

Kazi hii yenyewe si ya zamani. Mwaka 1960, watu watatu wa Baltimore, Marekani, mmoja wao Kouwenhoven, fundi wa umeme na si daktari, walionyesha kwamba moyo unaweza kusaidiwa kwa kusukuma kifua bila kukipasua. Daktari Peter Safar aliunganisha hayo na kupuliza kwa mdomo. Mwaka uleule mtengeneza vitu vya kuchezea vya watoto huko Norway, Asmund Laerdal, alitengeneza mwanasesere mkubwa wa kujifunzia, na uso akaupa wa msichana asiyejulikana ambaye wanasimulia alitolewa mtoni Paris, mto Seine, akiwa amekufa. Wakati wa mafunzo nilipiga magoti mbele ya uso huo bila kujua habari yake. Nilipoambiwa, nilishindwa kupuliza kwa muda kidogo.

Sisi hatuna mwanasesere. Tumejaribu na bidoni tupu ya lita ishirini iliyolazwa chini na kufungwa kitenge, na inatosha kufundisha mwendo na viwiko. Msijifunze kusukuma kwenye kifua cha mtu mzima wa afya, inaumiza. Kulaza ubavu, ndiyo, tunafanya kwa watu.

Siku ya posho ijayo, baada ya kuhesabu franga, tutabaki saa moja. Muganga wa kituo amekubali kuja kutazama mikono yetu. Kila mmoja aje na kitenge cha zamani, na wenye watoto wa kuanzia miaka kumi na mbili waje nao. Muuza makala amesema yeye ndiye atakayelala tumgeuze, kwa sababu, anasema, kati yetu sote ni yeye peke yake aliyezoea.